Shikamoo Kabla ya Hodi

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri. Nilikuwa uani namenya viazi, na ndiyo kwanza nimeinuka kuchungulia saa ya ukutani, nikamsikia dada yangu anapanda njia ya kutoka mjini huku anakimbia. Dada hakimbii. Tangu ajifungue anatembea taratibu kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Siku hiyo kanga ilikuwa begani, viatu mkononi, na alianza kusema kabla hajanifikia.

"Wewe! Amesema nirudi! Amesema Jumanne nirudi!"

Aliyesema ni mama mwenye duka la ushonaji pale Lushoto mjini, ambako dada alikuwa akishona sare za shule kabla ya kupata mtoto. Cherehani yake ilikuwa ile ya karibu na dirisha, na kwa miezi yote minne aliyokaa nyumbani sijawahi kumsikia akilia kwa ajili ya kitu kingine ila hiyo cherehani. Shemeji yuko Tanga anabeba mizigo, na kinachokuja kinakuja kikiwa kidogo. Cherehani ndiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Lakini kulikuwa na sharti. Aende Jumanne ajaribiwe, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba. Akimaliza bila kukimbia nyumbani kunyonyesha, nafasi ni yake. Akikimbia, kuna msichana mwingine ameshakuja kuiomba. Na mtoto haruhusiwi dukani, kwa sababu ya pasi ya mkaa na vumbi la vitambaa.

"Mama ana njegere za kuvuna wiki nzima," dada akasema, akashika mikono yangu yenye maganda ya viazi. "Nimebaki na wewe tu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Sikufikiria hata kidogo. Nilifurahi mno kwamba kuna mtu mzima ananihitaji kwa jambo kubwa hivyo. Ilikuwa likizo ya Juni, niko kidato cha tatu, na kazi kubwa niliyotarajia likizo hiyo ilikuwa kuteka maji.

Baadaye kidogo ndipo nikakumbuka mimi ni nani.

Mimi ni yule ambaye mwalimu akiuliza swali nalijua jibu, lakini naangalia dawati. Mtu akipiga hodi nyumbani natokea mlango wa nyuma, naenda kusimama kwenye migomba mpaka aondoke. Mama huwaambia wageni, "Ninaye binti mwingine, ila huyo ni wa kusikia tu." Wanacheka. Na mimi huko kwenye migomba nasikia wanavyocheka.

Sasa niseme tatizo la mtoto lilikuwa nini, maana hakuwa mgonjwa. Kliniki walimpima, wakasema yuko sawa, ila dada ajaribu kumpangia siku yake. Nesi alimweleza vizuri: akiamka anyonye akiwa macho makavu, ashibe, acheze, halafu alale. Asinyonyeshwe ili alale, kwa sababu atasinzia na tumbo nusu, ataamka na njaa kabla usingizi haujamtosha, atanyonya kidogo kwa sababu amechoka, atasinzia tena. Siku nzima inakuwa vipande vipande. Na ndivyo siku yake ilivyokuwa.

Dada alijaribu. Kilichomshinda ni mahali nyumba yetu ilipo.

Nyumba yetu iko kwenye kona, njia zinapokutana. Anayekwenda bombani anapita kwetu. Anayetoka msikitini anapita kwetu, na anayeshuka Lushoto sokoni na kabichi zake anapita kwetu pia. Hapa kwetu mtu hapiti mlangoni pa mwenye mtoto mchanga bila kuingia kumsalimia mtoto, hasa arobaini ikishaisha. Na hodi ya milimani si kugonga mlango. Hodi inaanzia kwenye mpeasi, ule mti wetu wa mapeasi pale chini kwenye kona, kwa sauti ya kuvuka bonde, na inamalizikia sebuleni.

Jumatatu tukafanya mazoezi. Dada alimnyonyesha mtoto, akashuka bondeni kwa mama kwenye njegere, akaniambia, "Nifanye kama sipo. Ukishindwa kabisa, panda kwenye lile jiwe la uani uniite." Aliniachia maziwa aliyoyakamua, kwenye kikombe chenye kifuniko, ndani ya bakuli la maji. Kwa baridi ya Juni huku kwetu, hayo maji yalikuwa friji tosha.

Mtoto alicheza, kisha akaanza kuvuta sikio lake la kushoto. Hiyo ndiyo dalili yake. Akivuta sikio, usingizi uko mlangoni. Nikambeba mgongoni kwa kitenge, nikazunguka naye sebuleni, akalala. Nikamlaza kitandani. Nikakaa pembeni yake najisifu.

"Hodiii! Hodi wenyeweee!"

Bibi jirani. Bibi huyu anaishi nyumba ya juu yetu, ana sauti ambayo mama husema ingefika Mombo kama si ile milima. Nami nikafanya ninachofanya siku zote. Nikanyamaza. Nikabana pumzi, eti nyumba ionekane haina watu.

"Hodi! Nyie! Mmekufa humo?"

Mtoto akafumbua macho yote mawili kwa mara moja.

Bibi akaingia, akamchukua kabla sijamaliza shikamoo yangu, ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. "Mume wangu! Wanakutesa na njaa, eh? Hawa watoto wa shule hawajui kitu. Mletee maziwa!" Nikayapasha kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, nikajaribu tone kwenye kifundo cha mkono kama dada alivyonifundisha, nikampa kwa kijiko. Akanywa kidogo akasinzia mikononi mwa bibi. Bibi akaondoka ameridhika. Nilipomlaza akaamka. Nikampa tena, akasinzia tena. Akaja mama wa duka la hapa kijijini na hodi yake, nikabana pumzi yangu, akaongeza sauti. Akaja muuza mkaa.

Ilipokaribia adhuhuri mtoto alikuwa analia kilio ambacho sijawahi kukisikia, kilio cha vitu viwili. Alitaka kula, lakini macho yalikuwa yanajifunga. Alitaka kulala, lakini tumbo halikumwachia. Alikipiga kikombe kwa mkono, maziwa ya dada yakamwagikia sweta langu. Nikaanza kulia na mimi. Nikapanda kwenye jiwe, nikaita.

Dada alipanda matuta yote mbio. Hakunigombeza. Alikaa kitandani akamnyonyesha, mtoto akasinzia kabla hajashiba, na dada akawa anatazama ukuta.

"Labda nishuke leo hii nikamwambie ampe yule mwingine," akasema. "Kuliko nikaaibike kesho."

"Usiende," nikasema.

"Utafanya nini tofauti?"

Nikaenda kuosha kikombe. Dada hakushuka. Nadhani alikosa nguvu tu za kushuka.

Jioni, mama alipokuwa anachambua njegere, dada ananyonyesha na mimi nakunja nepi, nikamwambia mama wazo langu. "Mama, tufunge kitu pale kwenye mpeasi. Jani la mgomba, au kanga. Watu wajue mtoto kalala, wasipige hodi."

Mama akaacha njegere. "Jani la mgomba? Watu watajua tuna msiba. Kufika saa nne uani kutakuwa kumejaa mikeka na akina mama wanalia."

Dada akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Na huwezi kumkataza mtu hodi," mama akaendelea. "Anayeingia kwa watu bila hodi amefuata kuku. Tena mngekuwa mnaitika, ingekuwa hodi moja ya ustaarabu. Wewe unajificha. Mgeni afanye nini? Atapaza. Mimi nikienda kwa mtu nikamkuta binti yake njiani, akaniwahi shikamoo, nitapiga hodi ya nini? Namuuliza mama yupo, hayupo, naenda zangu."

Kisha akarudi kwenye njegere zake kama vile hajasema kitu.

Mimi nilibaki na nepi mkononi. Mdogo ndiye anayetakiwa kumwamkia mkubwa. Mdogo ndiye anayeanza. Nikianza mimi, tena mbali, kule chini kwenye mpeasi, hodi haitakuwa na kazi! Hakuna anayevunjiwa heshima, bali anapewa heshima zaidi, anafuatwa njiani. Niliwaambia dada na mama kwa haraka mpaka nikaanza kugugumiza, na dada akasema, "Lakini ni wewe utakayekaa njiani? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe wa migomba?"

"Si ndiyo nasema!"

Jumanne dada alimnyonyesha kwa nafasi, mlango umefungwa, mtoto macho makavu. Alishiba mpaka akaachia mwenyewe. Dada akavaa sketi yake ya kazini, akaniachia vikombe viwili vya maziwa, akashuka bila kugeuka nyuma. Nilijua kwa nini hakugeuka.

Tulicheza na mtoto. Nilimwonyesha kuku, nilimwimbia nyimbo za shule. Alipogusa sikio la kushoto sikungoja aguse mara ya pili. Nikamfunga mgongoni, nikazunguka, akalala, nikamlaza, nikachukua kigoda na ungo wa njegere, nikaenda kukaa pale kwenye mpeasi. Kutoka pale dirisha la chumba liko hatua chache. Nasikia hata akigeuka. Ukungu ulikuwa bado chini, naona njia kidogo tu.

Wa kwanza alikuwa mzee anayetoka msikitini, na fimbo yake. Nilimwona anaisogelea kona. Nilimwona anajaza kifua. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akainua uso.

"SHIKAMOO BABU!"

Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Yeye mwenyewe alishtuka. "Marahaba, marahaba! Kumbe humu kuna binti. Mama yupo?"

"Yuko bondeni, babu. Mtoto amelala."

"Alale. Nisalimie." Akapita.

Akapita! Nilitamani kuruka pale juu ya kigoda. Chumbani kimya kabisa. Hakuna hodi, hakuna kilio. Baada yake nikamwamkia mama wa duka la kijijini, nikamwamkia muuza mkaa, nikawaamkia akina mama wa bombani watatu kwa mpigo, na kila aliyepita sauti yangu ilikuwa inajua njia zaidi. Mmoja wao akauliza mwenzake, "Huyu ni yule wa nyuma ya nyumba?" Nikajibu mwenyewe, "Ndiye, mama." Wakacheka, nami nikacheka, na safari hii nilikuwa mbele yao.

Halafu nikamwona bibi jirani anateremka, na chupa ya chai kwapani.

Kwa bibi sikukaa. Nilipanda mbio kumlaki, nikapiga goti, shikamoo, nikampokea chupa.

"Marahaba. Nani kakufungua mdomo?" Akanitazama juu mpaka chini. "Mume wangu yuko wapi?"

"Amelala, bibi."

"Amelalaje mkewe hajafika? Nimemletea uji laini. Ngoja nimwamshe anywe."

Hapa ndipo nilipokuwa nimepaogopa tangu jana. Shikamoo naiweza, lakini kumwambia bibi hapana sijawahi, wala sijawahi kumwona mtu akimwambia. Niliona cherehani ya dada, ile ya karibu na dirisha, na yule msichana mwingine amekaa.

"Bibi, nakuomba," nikasema. "Leo dada anajaribiwa kazini. Mtoto akilala akatosheka, atakula vizuri, na dada hataitwa. Akiamka mwenyewe nakuita wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Na uji kliniki wamesema mpaka miezi sita."

Bibi akakunja uso. "Kliniki. Mama yako nilimlisha uji huu huu hata arobaini haijaisha. Umemwona alivyo?"

"Amekuwa mfupi, bibi."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilifunika mdomo kwa mkono. Bibi akanitumbulia macho, nikajua nimekwisha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka bila sauti, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kanga. Sikujua bibi anaweza kucheka kimyakimya.

"Kumbe ulikuwa umetuficha ulimi," akasema kwa mnong'ono, ingawa mnong'ono wake ni kama sauti ya kawaida ya mtu mwingine. "Haya, leta kigoda. Uji nitakunywa mimi na wewe."

Tukakaa pamoja kwenye mpeasi, tunachambua njegere na kunywa uji wa mtoto. Mtu akija, namwahi shikamoo, na bibi anamalizia kwa chini salamu ya asubuhi ya Kisambaa, "Onga maundo," huku anaweka kidole mdomoni. Watu walipita wakinyata, wengine hawajui hata kwa nini.

Mtoto aliamka mwenyewe. Hakulia, alisema tu "eh", kama mtu anayeuliza saa ngapi. Nikamwita bibi kwanza, kama nilivyoahidi, akambusu mume wake. Kisha nikapasha maziwa. Mara ya kwanza akageuza uso. Akanusa, akageuza tena. Nikakumbuka kanga ya dada iliyokuwa mlangoni, ile anayolala nayo. Nikajitanda, nikamweka karibu nayo, nikagusisha kijiko mdomoni. Akatulia. Akanywa. Macho makavu, ananitazama usoni, ananywa kama mtu mwenye shughuli, mpaka kikombe kikaisha. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haa," akasema tu.

Akacheza. Akavuta sikio. Akalala tena. Ilikuwa rahisi hivyo, nami nilikuwa nimetoka jasho utadhani nimelima.

Saa saba ilipita. Nikaanza kutazama njia ya mjini. Dada alitokea kwenye kona anahema, blauzi imelowa mbele kwa maziwa, na alipoona mimi na bibi tumekaa kimya kwenye vigoda, hakuna kilio popote, rangi ikamtoka.

"Yuko wapi? Amefanya nini? Amekataa kula?"

"Shikamoo, dada. Amelala."

"Amelala?"

"Amelala, ameamka, amekula kikombe chote, amecheza, amelala."

Akataka kuingia. "Nimwamshe, kifua kinaniuma."

"Usimwamshe," nikasema. Nikasimama mbele yake. "Bado kidogo."

Dada akanitazama kama mtu aliyekuta ukuta pasipo na ukuta. Na bibi, kwa kunitetea, akasahau kila kitu tulichokubaliana, akapaza ile sauti ya kuvuka bonde: "WEWE MSICHANA! MWACHE MTOTO ALALE!"

Kutoka chumbani tukasikia: "Eh?"

Tulicheka mpaka bibi akaketi chini kwenye nyasi. Dada aliingia mbio, na mtoto alipomwona alipiga miguu yote. Alinyonya bila kusinzia hata mara moja, huku anacheka katikati, maziwa yanamtiririka shavuni. Nilikaa kitandani pembeni yao. Nilikuwa naogopa kuuliza, nikauliza.

"Amesemaje?"

 Dada akamfuta mtoto shavu. "Hakusema kitu. Nilipokuwa natoka, alichukua kitambaa cha sare, kile cha bluu, akakiweka juu ya cherehani yangu. Akaweka na uzi wake. Akaniambia, hicho cha kesho."

Nikapiga ukelele. Mtoto akashtuka, dada akanipiga kofi la mguuni, na bibi kutoka nje akauliza kuna nini, kwa sauti ambayo nina hakika bondeni mama aliisikia.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya dada. Ukungu ulikuwa umefunika mpaka mlangoni, sikuuona hata huo mpeasi. Nikatoa vigoda viwili, changu na cha bibi, nikaviweka kwenye kona, nikapangusa umande kwa kiganja. Nikasikia mtu anakohoa, anapanda kutoka upande wa bombani, hodi yake iko kooni tayari. Sikumwona ni nani. Nikaita shikamoo.